Kuchagua saiti mira ya baiskeli: kagua usukani wako kwanza ndo uende dukani

Miaka michache nyuma nilikuwa natoka Tegeta kwenda Kariakoo kwa baiskeli, barabara ya Bagamoyo, asubuhi ile daladala zinakimbizana na abiria, nikafika maeneo ya Africana nikakuta bajaji imepaki pembeni mbele yangu ikabidi nitoke kidogo kulia niipite. Nikafanya tunachofanya wote, nikageuza shingo kucheki nyuma. Sasa ukigeuza shingo kulia, bega la kulia linarudi nyuma na mkono unavuta usukani, baiskeli inaelekea kulia kabla wewe hujaamua chochote, na mimi nikaelekea kulia wakati Coaster ndo inapita. Kioo chake kikanipiga begani. Sikuanguka, namshukuru Mungu, ila mkono ulikufa ganzi mpaka nafika Mwenge.

Toka siku hiyo siendeshi bila kioo cha kuangalia nyuma. Nimeshafunga vya aina nne tofauti, viwili nilivitupa, kimoja kiliibiwa, na nimesaidia majirani kibao kufunga vyao, kwa hiyo haya naandika kwa kuyashika kwa mikono. Kikubwa ninachotaka mjue ni kwamba kosa la wengi linaanzia dukani, mtu anaona kioo kizuri kinang'aa ananunua, akifika nyumbani hakiingii, au kinaingia lakini kinatetemeka hadi huoni kitu, anakichomoa anasema vioo vya baiskeli havina maana. Vina maana sana. Ila unaanza na baiskeli yako na barabara yako, kioo kinakuja mwisho.

Hatua ya kwanza, jua upande

Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, magari yanakupita kulia, kwa hiyo kioo kinakaa kulia. Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Congo wanaendesha kulia, wao kioo kinakaa kushoto, na kama wewe ni wa Ngara unavuka daraja la Rusumo na mzigo basi ukifika ng'ambo unajua kila kitu kinageuka, tafuta kile cha klampu, kinachobana usukani kwa nje, unachoweza kukihamisha upande. Hili naona kama dogo lakini kuna vioo vinauzwa vimetengenezwa kwa upande mmoja tu, ukikigeuza kinaangalia chini au kinaangalia mapajani mwako. Dukani uliza kabisa, hiki ni cha kulia?

Vioo viwili sio vibaya, ila kama hela ni ya kimoja nunua cha upande wa magari halafu nunua kizuri.

Hatua ya pili, kagua usukani

Hapa ndo pa kutulia. Usukani wa baiskeli upo wa namna kuu tatu huku mtaani kwetu na kila mmoja una kioo chake.

Kuna ule ulionyooka, wa mauntenibaiki na baiskeli nyingi za mtumba. Sehemu ya kushikia unene wake kwa nje ni milimita 22 na pointi kidogo, na mwisho wa bomba pale kwenye mpira kuna tundu limezibwa na kifuniko cha plastiki. Kioo kinachokufaa sana ni kile kinachoingia kwenye tundu hilo, kina kiplagi ndani, ukikaza skrubu kiplagi kinatanuka kinabana bomba kwa ndani. Uzuri wake kinakaa mwisho kabisa wa usukani kwa hiyo mwili wako haukizibi, na mkono wake ni mfupi hivyo hakitetemeki sana. Shida ni tundu lenyewe, mabomba ya chuma na ya aluminiamu hayalingani unene wa ukuta, moja lina tundu la milimita 16 lingine 19, sasa kiplagi kikiwa kikubwa hakiingii, kikiwa kidogo kinazunguka tu. Kabla hujaenda dukani toa kile kifuniko chukua rula pima tundu uandike kwenye simu. Na kama mpira wako mwisho umezibwa wenyewe itabidi uukate kwa wembe, hilo nalo amua kabisa uko tayari.

Halafu kuna ule wa baiskeli za resi, umekunjwa kwenda chini kama pembe za kondoo. Huo ni mnene zaidi kidogo, unafika kama milimita 23.8, klampu ya mauntenibaiki inaweza isifunge. Na ukichomeka kioo mwisho wa pembe kinakuwa chini sana, unaona vizuri ukiwa umeinama tu, ukikaa wima unaona lami. Jamaa wa resi wengi naona bora watumie kile kidogo cha kwenye helmeti au kwenye miwani, nitakigusa huko mbele.

Wa tatu ndo ule wa Phoenix na Hero, baiskeli za kazi, usukani umerudi nyuma kuelekea tumboni kwa mwendeshaji. Hapa kioo cha kuchomeka mwisho wa bomba usinunue kabisa ndugu yangu, kitakaa karibu na goti lako, kila ukikata kona kinakugonga na unachokiona ni paja. Baiskeli hii inataka kioo cha klampu chenye mkono mrefu, kifungwe mbele karibu na breki, kisimame juu kama cha bodaboda.

Na kwa kweli cha bodaboda chenyewe kinafaa. Usukani wa pikipiki nyingi nao ni milimita 22, kwa hiyo nenda maduka ya spea za boda uulize klampu ya kushikia saiti mira, ile yenye tundu la nati juu, kioo chenyewe kinaingia kwa uzi wa milimita 10 (vingine ni 8, chukua kioo na klampu pamoja uvifunge palepale uone vinashikana). Angalia kitu kimoja, baadhi ya pikipiki kama Yamaha kioo cha kulia kina uzi wa kinyume, unazungusha huko fundi anakuambia kimeharibika kumbe ni cha kinyume. Bei ya kioo cha boda ni ya chini, spea zipo kila kijiji chenye kijiwe cha boda, na kikivunjika unapata kingine siku hiyohiyo. Uzito umezidi kidogo lakini kwenye Phoenix nani anahesabu gramu.

Hatua ya tatu, fikiria barabara na mzigo

Wabeba mkaa, wauza maziwa, wale wa kreti za soda na wa samaki, hii ni yenu na naomba muisome taratibu. Nyie ndo mnaohitaji kioo kuliko sisi wote na nyie ndo msiokuwa nacho. Mtu aliyebeba gunia mbili za mkaa kwenye karia hata akigeuza shingo mpaka ivunjike haoni kitu, anaona gunia. Anategemea masikio, na masikio hayakuambii kama lile lori limekuona au dereva yuko kwenye simu. Vioo vidogo vya helmeti havikufai wewe kwa sababu gunia linaziba palepale. Unachotaka ni kioo ambacho mkono wake unatoka nje kuliko upana wa mzigo wako. Pima hivi, funga mzigo kama unavyofunga siku zote, mwambie mtu apime kutoka katikati ya baiskeli mpaka ukingo wa gunia upande wa kulia, tuseme imekuja sentimita 45, basi kioo chako ukingo wake wa nje lazima upite hapo, upite hata kwa upana wa kiganja. Kama mkono wa boda haufiki, fundi wa kuchomelea anakuongezea kipande cha nondo nyembamba kwa hela ndogo, ila mwambie asikiache na ncha kali, ukianguka kile ni mkuki.

Kama wewe ni wa mjini na foleni, mambo yanageuka. Unapita katikati ya daladala mbili pale Mwenge, kila sentimita ina thamani, kioo kinachotoka sana kitagonga gari ya watu na utasimama unabishana na kondakta. Chukua kinachokunjika kwa mkono bila spana, unakikunja unapita unakikunjua. Vingine vinakunjika vizuri lakini vikishakunjuliwa havirudi pale ulipoviseti, unaanza upya kila mara, hivyo acha.

Na kama njia yako ni ya vumbi, ya mawe, au ina rasta na matuta kila mita mia, adui yako ni mtetemo. Kanuni ni rahisi, kadiri mkono unavyokuwa mrefu na mwembamba ndo kioo kinavyotetemeka, wa plastiki unatetemeka kuliko wa chuma. Mkono mfupi mnene. Mwenye mzigo hana jinsi lazima awe na mrefu, basi auchukue wa chuma kinene.

Kuhusu kile cha helmeti na miwani kwa kifupi. Ni kidogo mno, kama sarafu kubwa, lakini kiko karibu na jicho kwa hiyo unaona eneo kubwa, na ukigeuza kichwa kidogo unapiga picha nyuma yote. Hakitetemeki kwa sababu shingo yako inameza mtikisiko. Hakiibiwi, unaondoka nacho. Ila siku nne tano za mwanzo macho yanauma na unachanganyikiwa, wengine hawakizoei kabisa, na kama huvai helmeti wala miwani basi hakikuhusu. Na helmeti vaa.

Hatua ya nne, kioo chenyewe

Mnakumbuka sayansi ya shule ya msingi, kioo bapa na kioo mbinuko? Ndo vilevile. Kioo bapa kinakuonyesha gari kwa ukubwa wake na umbali wake wa kweli, lakini eneo dogo. Kioo mbinuko, kile kimetoa tumbo nje, kinakuonyesha eneo kubwa lakini kila kitu kinakuwa kidogo, na ubongo ukiona kitu kidogo unasema kiko mbali. Kumbe kiko hapo mgongoni.

Kwa kioo cha kwenye usukani mimi nasema chukua mbinuko, kwa sababu kinakaa mbali na jicho na bapa lingekuonyesha kipande cha barabara kama cha tundu la ufunguo. Lakini mbinuko wa wastani. Kuna vile vimetoa tumbo kama kijiko, semi inaonekana kama kiberiti, hivyo vinadanganya vibaya. Namna ya kujua dukani, simama mlangoni geuzia kioo mtaani, angalia mtu aliye kama hatua ishirini nyuma yako. Unaweza kusema ni mwanamke au mwanaume, kavaa rangi gani? Poa. Ukiona kidoti tu rudisha.

Ukubwa, kwa cha usukani wa kawaida kipenyo cha sentimita 7 au 8 kinatosha kabisa, chini ya 5 utakuwa unatafuta gari kwenye kioo badala ya kuangalia barabara.

Kuhusu malighafi, kioo halisi kinaonyesha safi ila kinavunjika, plastiki haivunjiki ila vumbi letu hili likifutwa kwa kitambaa kikavu linaikwaruza, mwezi wa tatu unaangalia ukungu. Mimi nimetumia vyote na narudi kwenye kioo halisi. Ukichukua plastiki osha kwa maji kwanza ndo ufute, usisugue vumbi kavu hata siku moja.

Kabla hujalipa, shika shina lake kikung'ute kama unakung'uta kipimajoto. Kifundo kikilegea mkononi mwako pale dukani, barabarani hakitadumu mpaka tuta la kwanza. Na hakikisha kile kifundo kina skrubu ya kukazia, visivyo na skrubu vikishalegea ndo basi tena.

Hatua ya tano, kufunga

Cha kuchomeka: toa kifuniko au kata mwisho wa mpira, futa ndani ya bomba vumbi na grisi zitoke maana grisi inafanya kiplagi kizunguke, ingiza mpaka mwisho, kaza kwa alenki, ile spana ya pembe sita iliyokunjwa (mara nyingi namba 4 au 5) huku umeshika kioo kisizunguke. Kikigoma kubana na ni kidogo kidogo tu, zungushia plagi utepe wa umeme mara mbili tatu. Usikaze kwa hasira, plagi za plastiki zinapasuka.

Cha klampu: kata kipande cha tyubu ya zamani upana wa klampu, zungushia usukani, ndo ufunge klampu juu yake. Hicho kipande cha tyubu usikidharau, kinazuia klampu kuteleza, kinalinda rangi na kinapunguza mtetemo, mara nyingine mtu ananiletea kioo anasema kinatetemeka, naweka tyubu tu tatizo linaisha. Angalia pia breki inavutika mpaka mwisho bila kugusa klampu, kengele unaifikia, na ukikata usukani mpaka mwisho pande zote hakigusi goti wala fremu.

Hatua ya sita, kuseti

Usiseti umesimama pembeni ya baiskeli. Kaa kwenye siti kama unavyokaa ukiendesha, mtu akushikie baiskeli au egemea ukuta, mikono kwenye usukani. Seti mpaka mstari ambapo barabara inakutana na anga uwe katikati ya kioo au juu kidogo ya katikati, na ukingo wa ndani uone kipande kidogo tu cha kiwiko chako au cha mzigo. Hicho kipande kinakupa alama, unajua unachoangalia kiko wapi ukilinganisha na wewe. Kikizidi robo ya kioo basi unajiangalia mwenyewe.

Sasa mwambie mwenzako arudi nyuma hatua 30 asimame kwenye njia ya magari, yaani kulia kwako, halafu atembee taratibu kuja kwako mpaka akupite. Angalia kwenye kioo tu. Kuna sehemu atapotea, yuko karibu sana na wewe lakini kioo hakimuoni na jicho la pembeni bado halijamuona. Mwambie asimame hapohapo, geuka umuangalie alipo. Hilo ndo eneo lako la upofu na kila kioo kinalo, boda nzima inaweza kukaa humo. Geuza kioo nje kidogo lipungue, lakini haliishi. Ndo maana kabla ya kuhama njia bado unatupa jicho la begani, fupi, baada ya kioo kukuambia kuna nafasi. Kile nilichofanya Africana kosa lake lilikuwa kuanza na shingo, kuikawiza huko nyuma, na kutojua kuna nini kabla sijageuka.

Kaza kila skrubu, endesha kilomita mbili tatu, kaza tena. Mpya zote zinalegea safari ya kwanza.

Hatua ya saba, wiki ya kujifunza

Usiingie barabara kuu siku ya kwanza. Zunguka mitaani kwenu, zoea kutupa jicho kwenye kioo na kurudisha mbele, nusu sekunde tu. Ukiwa kwenye spidi ya 20 kwa saa, sekunde moja ya kutoangalia mbele ni mita tano na nusu, shimo moja linatosha.

Halafu zoea kusoma spidi. Gari iliyo mita 100 nyuma yako inakuja na 80 wewe uko na 20, itakufikia kwa sekunde 6. Ikiwa inakuja na 50, una sekunde 12. Kwenye kioo mbinuko zote mbili zinaonekana ndogo sawasawa, kwa hiyo usipime kwa ukubwa, angalia mara mbili, jicho la kwanza, hesabu moja, jicho la pili. Kama imekua ghafla kati ya hayo macho mawili usitoke, subiri nyuma ya ile bajaji ipite. Kama haijakua sana, toa mkono, jicho la begani, toka.

Kwenye barabara kuu kama Chalinze kwenda Moro mimi naangalia kila sekunde tano au kumi, na nikiona basi linaovateki basi huko nyuma na mimi niko pembeni, nashuka kwenye lami mapema kwa amani, simsubiri anipigie honi. Hapo kioo kimeshalipa bei yake mara mia. Usiku taa za magari zitakuumiza macho, kiinamishe kidogo mwanga uanguke kifuani, na kioo sio mbadala wa taa nyekundu ya nyuma, weka vyote.

Kuhusu wizi, cha kuchomeka kinachomolewa na mtu yeyote mwenye alenki, changu kiliondoka sokoni ndani ya dakika kumi. Ukipaki sehemu ya watu wengi tumia vya mkanda wa mpira unavyovitoa kwa mkono ukaweka mfukoni, au funga cha boda kwa nati ya spana na uweke tone la gundi kali juu ya nati. Utaitoa kwa kuipasha moto siku ukitaka kubadilisha. Mimi natembea na alenki namba 5 na kipande cha tyubu chini ya siti, na kila asubuhi kabla sijapanda nakigusa kioo kwa kidole, kikicheza nakaza hapohapo getini.